Tuchapishiwe orodha moja ya huduma za mji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo ambalo kwa muda mrefu nimelisikia likilalamikiwa vibarazani na kwenye foleni za kulipia ankara, lakini sijaliona likiandikwa kwa urefu unaolistahili. Jambo lenyewe ni huduma za mji mdogo, yaani maji ya bomba, umeme, majitaka na uzoaji wa taka ngumu. Si nia yangu kurudia kilio kilichozoeleka kwamba huduma hizo hazitoshi, ingawa mara nyingi hazitoshi kweli. Ninachotaka kusema ni kwamba hata zile zilizopo hazijulikani, na kwa mtu anayeihitaji huduma usiku wa manane huku maji yakiingia ndani, huduma asiyojua pa kuiitia ni sawa na isiyokuwepo.

Nianze na kisa. Alfajiri moja nilitoka nje nikakuta maji yanabubujika katikati ya barabara ya udongo iliyo mbele ya nyumba ninayoishi. Bomba lilikuwa limepasuka chini kwa chini, na udongo wa juu ulikuwa ukipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Watoto walikuwa wameshawahi kufika, wanaviacha vijiti vyao vielee. Nilichukua ankara ya mwezi uliopita nikapiga namba iliyochapwa juu yake. Aliyepokea akanieleza kwa upole kwamba namba ile ni ya masuala ya malipo tu, akanipa nyingine. Hiyo ya pili iliita mpaka ikakatika, siku ile na kesho yake. Ya tatu niliipata kwa fundi bomba wa mtaani, naye alikuwa amepewa na fundi mwenzake, ikiwa imeandikwa kwa kalamu ya risasi kwenye kipande cha boksi. Mafundi walikuja siku ya nne na kazi yao waliifanya vizuri, wala sina neno nao. Nilipomuuliza mkubwa wao sababu ya kuchelewa, alijibu kwamba taarifa ilimfikia asubuhi ile ile.

Ningenyamaza kama hasara ingekuwa ya maji peke yake. Shimo lililochimbwa ili bomba litengenezwe lilirudishiwa udongo kijuujuu tu, kwa kuwa kushindilia barabara, tuliambiwa, ni kazi ya idara nyingine. Siku ya taka ilipofika, gari lilikuja mpaka kwenye lile shimo, dereva akashuka, akaliangalia, akapanda na kurudi kinyumenyume. Wiki ya pili hakuja kabisa. Mifuko ikachanwa na mbwa, plastiki nyepesi ikapeperushwa mpaka mtaroni, na mvua ya kwanza iliponyesha mtaro ukashindwa kupitisha maji. Maji hayo yalishuka mpaka nyumba ya bondeni, yakaingia kwenye karo la majitaka, nalo likafurika hadi mlangoni. Mwenye nyumba ile hakujua kwamba mafuriko yake yalianzia kwenye bomba lililopasuka mwezi mmoja kabla, hatua mia mbili juu yake, na nadhani hata maofisa waliokuja kumtazama hawakujua. Kila ofisi ina daftari lake, na ukilifungua daftari la yoyote kati yao utakuta kazi iliyokuwa yake imefanyika.

Kugawanyika huku kwa madaraka kuna sababu zake, wala sishauri kila kitu kiwekwe chini ya bwana mmoja. Mtambo wa kusafisha maji unahitaji watu wenye ujuzi wake, na nguzo za umeme zinahitaji wa kwao. Lakini huduma zenyewe hazitambui mipaka ya ofisi. Chukua umeme na maji. Umeme ukikatika, pampu inasimama, na tangi la mji likishaisha mgandamizo ndani ya mabomba unashuka. Bomba lenye mgandamizo, hata likiwa na nyufa, hutoa maji nje. Likikosa mgandamizo, nyufa zile zile hugeuka kuwa midomo ya kunyonya, na kinachonyonywa ni maji yoyote yaliyotuama kwenye udongo ulio jirani, ambayo katika mitaa yenye vyoo vya shimo na makaro yanayovuja hayawezi kuwa masafi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji yanapomfikia mtumiaji yawe bado na klorini, yaani dawa ya kuulia vijidudu, isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita, ili kinachoingia njiani kikute ulinzi. Mkazi aliyetangaziwa mgao wa umeme angepaswa kuambiwa katika tangazo hilo hilo kwamba maji yatakayotoka bombani mwanzoni baada ya ukame wa siku mbili ayaache yatiririke kwanza, ayatumie kudekia au kumwagilia, na ya kunywa ayachemshe. Mimi nimesoma matangazo mengi ya kukatika kwa umeme, na sijapata kuliona hata moja lenye mstari huo.

Kwamba maji na uchafu ni jambo moja si elimu mpya. Mwaka 1854, kipindupindu kilipoua mamia ya watu katika mtaa mmoja wa London, daktari John Snow alifuatilia nyumba hadi nyumba mahali watu walikokuwa wakichota maji, akaonyesha kwamba wengi wa waliokufa walitumia pampu moja ya Broad Street, na mpini wa pampu ile ukaondolewa. Baadaye iligundulika kwamba karibu mno na ukuta wa kisima kile palikuwa na shimo la maji machafu lililokuwa likivuja. Waliochimba shimo na waliochimba kisima kila mmoja alikuwa na kazi yake.

Sasa nije kwenye taka, ambako ndiko ujinga wetu sote, watoa huduma na wapewa huduma, unakoonekana waziwazi. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba miji na vijiji duniani vilizalisha tani bilioni 2.01 za taka ngumu mwaka 2016, wastani wa kilo 0.74 kwa mtu kwa siku. Chukua wastani huo uupeleke kwenye mji mdogo wa wakazi 60,000: unapata tani 44 na ushee kila siku inayokuja. Lori la kubeba tani tano litahitaji safari tisa, kila siku, bila kuharibika na bila kukosa mafuta. Najua kwamba wakazi wa nchi zenye kipato kidogo hutupa pungufu ya wastani huo, lakini hata ukiigawa hesabu hii kwa mbili bado malori mawili ya mji yatakimbia kutwa nzima. Ripoti hiyo hiyo ilieleza kwamba katika miji ya nchi za kipato cha chini taka zinazokusanywa ni kama asilimia 48 tu. Zilizobaki haziendi mbinguni. Huchomwa uani, hufukiwa, au hutupwa mtoni usiku na watu ambao mchana wanaheshimika.

Katika nchi hizo hizo, zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya vyakula na majani. Hii ni habari njema ambayo hatuitumii. Taka zinazooza ndizo zinazofanya mzigo wa lori uwe mzito na ndizo zinazonuka. Tena zikifukiwa dampo bila hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka mia hunasa joto takriban mara 28 kuliko kaboni dioksaidi ya uzito ule ule. Zikitenganishwa nyumbani na kurundikwa vizuri, zikichanganywa na majani makavu, zikageuzwa na kupata hewa na unyevu, huwa mboji baada ya miezi michache, na lori la mji linabaki na nusu ya mzigo. Sielewi kwa nini manispaa hununua lori la pili kabla ya kuwafundisha watu kuwa na ndoo ya pili.

Wapo watakaosema kwamba watu wetu hawawezi kutenganisha taka, kwamba huo ni mtindo wa kisasa wa watu wenye nafasi. Mnamo Novemba 1883, mkuu wa utawala wa jimbo la Seine huko Ufaransa, Eugène Poubelle, alitoa amri kwamba wenye nyumba za Paris wawawekee wapangaji wao vyombo vya taka vyenye mifuniko, na amri yake ilitaka vyombo vitatu: kimoja cha vitu vinavyooza, cha pili cha karatasi na matambara, cha tatu cha vioo, vigae na makombe ya chaza. Watu walimkejeli kwa kukiita chombo cha taka kwa jina lake, na mpaka leo Mfaransa akitaja pipa la taka anamtaja yeye. Utenganishaji wenyewe haukushika mizizi wakati ule, lakini wazo lina umri wa zaidi ya karne moja, na aliyelitoa alianza na ofisi yake, kwa kusema wazi nani aweke nini, wapi, na saa ngapi.

Tatizo la pipa moja kwa kila kitu nililiona kwa macho yangu. Mzoaji mmoja, kijana anayepita mtaani na mkokoteni, alinionyesha kiganja chake kilichokatwa na kioo kilichokuwa ndani ya mfuko wa maganda. Alikuwa amefunga kitambaa, anaendelea na kazi. Aliniambia kwamba vioo havimtishi sana kwa sababu hulia ukiutikisa mfuko. Kinachomtisha ni sindano, kwa kuwa hazilii. Tangu siku hiyo kioo kinachovunjika nyumbani nakifunga kwenye karatasi nzito, naandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito, na kukiweka pembeni ya mfuko, si ndani. Sikufundishwa na tangazo lolote. Nilifundishwa na kiganja cha yule kijana.

Sindano zenyewe, na ninaomba nitulie kidogo hapa, zipo katika nyumba nyingi kuliko tunavyodhani, kwa sababu wagonjwa wa kisukari wanaojidunga insulini wanaishi majumbani, si hospitalini. Kuna pia betri kavu, balbu za mirija zenye zebaki ndani yake, betri za magari zenye risasi na tindikali, dawa zilizopitwa na wakati na makopo ya viuatilifu. Jirani yangu mmoja, mzee mstaafu ambaye hutunza kila kitu, ana kopo la rangi la lita nne alilolijaza betri kavu zilizokufa. Amezikusanya kwa zaidi ya miaka miwili kwa sababu alisikia redioni kwamba hazifai kutupwa ovyo, na redio haikumwambia zipelekwe wapi. Niliulizia kwa niaba yake. Niliambiwa na watu wanne tofauti kwamba hakuna mahali pa kuzipeleka. Wa tano, mlinzi wa lango katika yadi ya kuegeshea magari ya mji, alinionyesha pipa la buluu nyuma ya karakana, lenye mfuniko, ambalo lipo kwa ajili hiyo hasa. Lilikuwa karibu tupu. Juu yake hapakuwa na kibao chochote, na huwezi kuliona mpaka uwe umeshapita getini. Huduma ilikuwepo, Mhariri, imenunuliwa na kupakwa rangi, na pengine iko kwenye ripoti ya mwaka kama mafanikio.

Kuhusu majitaka nitasema machache. Katika miji mingi midogo mtandao wa mabomba ya majitaka hufika mitaa ya katikati tu, na nyumba zilizobaki zinategemea vyoo vya shimo na makaro. Karo si shimo lisilo na mwisho. Kwa kawaida linahitaji kunyonywa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, kutegemea ukubwa wake na idadi ya watu ndani ya nyumba, na tope likiachwa lijae hupita moja kwa moja mpaka kwenye udongo unaozunguka visima. Kwa hiyo gari la kunyonya majitaka ni huduma ya msingi kama bomba lenyewe. Hata hivyo hutafutwa kama mganga, kwa kuulizana na kwa namba zilizochorwa ukutani, na anayelikodi haulizi swali moja la lazima, nalo ni kwamba litakwenda kumwaga wapi. Mji unaotoa leseni kwa magari hayo unapaswa kutangaza majina ya waliopewa leseni na mahali rasmi pa kumwaga, ili mkazi ajue kwamba uchafu alioulipia uondoke haukuishia kwenye kijito anachochotea jirani.

Ninachokipendekeza kwa wakuu wa miji midogo ni karatasi moja. Upande wa mbele uonyeshe kila mtaa na siku yake ya taka, saa gari linapoanza kupita, na siku mbadala endapo gari limeharibika. Pembeni yake ziwekwe namba za dharura za maji, umeme na majitaka zinazopokelewa usiku na mchana, na mbele ya kila namba muda ambao mtu anapaswa kusubiri kabla ya kuwa na haki ya kulalamika kwa ngazi ya juu. Upande wa nyuma ueleze mahali pa kupeleka betri, sindano, mafuta machafu ya magari, vyuma chakavu, vifusi vya ujenzi na mizoga ya wanyama, kwa sababu hayo ndiyo maswali ambayo watu huuliza na hawajibiwi. Ada iliyoidhinishwa iandikwe pia, pamoja na kiasi kinachokwenda kwa mzoaji na kinachobaki kwa ofisi, maana mkazi anayejua ada halali hatozwi ya njiani. Na chini kabisa iwekwe tarehe ya kuchapishwa, ili iliyozeeka ijulikane kuwa imezeeka.

Nitajibiwa kwamba yote hayo yapo kwenye tovuti. Nimezitembelea tovuti za namna hiyo. Utakuta picha za uzinduzi, hotuba, na ukurasa wa huduma ulioandikwa kwamba unaandaliwa. Hata ule uliokamilika humfikia mwenye simu ya intaneti na salio, wakati anayesubiri gari la taka mara nyingi ni bibi aliyeachiwa wajukuu. Karatasi ibandikwe kwenye kituo cha afya, shuleni, kwenye nyumba za ibada, kwenye dirisha la kulipia ankara, isomwe redioni, na iwekwe nyuma ya ankara yenyewe, ambayo upande wake wa nyuma kwa sasa ni mweupe au una tangazo la kututakia heri ya mwaka mpya.

Sitaki ionekane kwamba sisi wakazi hatuna letu. Maji mengi ya mji hupotea kabla ya kufika nyumbani, lakini mengine hupotea ndani ya nyumba zetu wenyewe. Anayetaka kujua upande wake afunge koki zote usiku kabla ya kulala, asome tarakimu za dira ya maji, pamoja na zile nyekundu zinazohesabu sehemu ndogo za uniti, aandike, kisha asome tena alfajiri kabla ya mtu yeyote kutumia maji. Zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja, na uniti moja ya maji ni lita 1,000. Mimi nilipofanya hivyo nilikuta tangi la kusukumia maji chooni linavuja bila sauti, na nilikuwa nimeshakwenda mara mbili dirishani kulalamikia ankara. Halikadhalika taka zitolewe siku ya gari, si usiku wa kuamkia siku ambayo gari haliji. Lakini mtu hawezi kulaumiwa kwa kutoifuata ratiba ambayo hajaonyeshwa, na faini kwa anayetupa betri kwenye pipa la kawaida ni uonevu maadamu pipa la buluu limefichwa nyuma ya karakana.

Ombi langu la mwisho nalielekeza kwako wewe, Mhariri. Gazeti hili huchapisha matokeo ya michezo, ratiba za mitihani na matangazo ya zabuni. Tafadhali iombeni kila halmashauri na kila mamlaka ya miji midogo linakosomwa gazeti hili iwaletee orodha yake, muichapishe kwa zamu, mji mmoja kila wiki, na kwa mji ambao haukuleta acheni nafasi yake wazi, jina lake likiwa juu. Wangu ukichapishwa nitaukata ukurasa huo kwa mkasi, nibandike mmoja mlangoni kwangu na mwingine nimpelekee yule mzee. Lile kopo lake nilimsaidia kulibeba mpaka getini wiki iliyopita, lakini tulikuta zamu imebadilika, na mlinzi mpya alitwambia kwamba hapo hawapokei taka.

Wako katika kulipa ankara kwa wakati,

Msomaji wa siku nyingi